Moyale: tiketi ikisema saa 11 usilale

Nimezaliwa Moyale upande wa Kenya na huu ni mwaka wa kumi na kitu niko kwenye kazi ya kliaringi pale boda, kujaza makaratasi ya malori. Na haiishi wiki kabla sijakuta mtu wa Nairobi amekalia begi lake upande wa Ethiopia, basi imeenda zamani. Tiketi iliandikwa 11, yeye akasoma saa tano asubuhi, akaoga pole pole na chai akanywa.

Hiyo 11 ni saa kumi na moja alfajiri! Waethiopia wanahesabu saa vile sisi tunaongea, saa moja ni jua limetoka tu, ila wao wanaandika hivyo hivyo, si kama sisi mdomo unasema saa moja na mkono unaandika 7. Kwa hivyo namba zozote za kule zisome kwa Kiswahili, utakuwa sawa kuliko mzungu. Tarehe nayo uliza mtu, kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu miaka 7 au 8, mwaka usikushtue.

Zamani kukosa basi haikuwa shida maana basi lenyewe la kutoka Nairobi halikuwepo la maana. Tulikuwa tunashuka na malori ya ng'ombe, ng'ombe chini sisi juu tumekaa kwenye vyuma, umejifunga shuka kichwani, vumbi la jangwa la Dida Galgalu linaingia mpaka kwenye meno, na kama kuna majambazi njiani mnangoja eskoti ya polisi ndio muondoke, usiku unashikilia chuma usisinzie maana ukianguka unaangukia pembe. Kufika Isiolo tu ilikuwa kama siku mbili, tatu mvua ikinyesha. Ndio maana wazee wetu mpaka leo mtu akisafiri kwenda Nairobi wanasema "ameenda Kenya". Lami ilikuja vipande vipande kutoka Isiolo, kufikia 2017 ilikuwa imetufikia, na siku hizi mtu anapanda basi Nairobi jioni anaamka kwetu. Raha, lakini wageni sasa wanapita tu kama mji hauna watu.

Boda yenyewe ni rahisi. Kituo cha pamoja kilifunguliwa na Uhuru Kenyatta na Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, Desemba 2020, na mpango wake ni usimame mara moja tu, kwenye nchi unayoingia, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Mkenya na pasipoti yake haitaji viza. Kama unasafiri na rafiki wa nchi nyingine, aende ubalozi wa Ethiopia Nairobi aulize viza ya barabarani kabla hajatoka, maana wengine wanakuja na ile ya mtandaoni ya kutua Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa, halafu wanalia kwangu, na mimi nafanya mizigo, sio watu. Beba pia kadi ya homa ya manjano.

Ukiendesha gari kumbuka ukivuka unahamia kulia. Ukitembea kwa miguu pia kumbuka, bajaji zitatoka upande hujazoea kuangalia.

Ushauri wangu, lala Moyale usiku mmoja. Salimia watu "nagaa", ni amani kwa Kiborana, utaitikiwa hata na Msomali na Mburji. Vuka mchana ukale injera na shiro, yaani mkate wao laini na mchuzi wa unga wa dengu, na birr, pesa ya kule, badilisha kidogo tu ya kukutosha. Na ukibahatika kualikwa kwa Waborana wakuletee buna qalaa, hiyo ni kahawa nzima nzima imekaangwa kwenye samli, inatafunwa. Nimewahi kuona mgeni anameza moja moja na maji kama dawa ya malaria, mama wa nyumba akamwangalia tu, akamuongezea.