Kupendelewa kazini si kuajiriwa bila sifa

Dhana ya miaka mingi ni kwamba mwajiri akitaka mchanganyiko wa watu kazini, asiye na sifa humpiku mwenye nazo. Sheria husema vingine. Kifungu cha 159 cha Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 humruhusu mwajiri kumpendelea mtu wa kundi lenye wachache kazini pale tu waombaji wanapolingana kwa sifa, tena kila mmoja apimwe kivyake. Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo, mwaka 1995, ilikataa kanuni ya Bremen, Ujerumani, iliyowapa wanawake kipaumbele cha moja kwa moja. 1997 ikakubali nyingine iliyoruhusu hali binafsi ya mwombaji mwanamume kuzingatiwa. Kigumu hasa, kwangu, ni huko “kulingana”: usaili si mizani ya kupimia dhahabu.