Usitie saruji kwenye ukuta wa chokaa

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, na safari hii nimeshindwa kunyamaza: “Fundi, wewe tia saruji. Chokaa ni ya kupaka tu, haina nguvu.” Aliyeniambia ana duka la ghorofa moja kwenye barabara kuu ya mji mdogo huku Georgia, kusini mwa Marekani. Jengo ni la matofali, la miaka ya 1880, na mwenyewe analipenda kweli. Ndiyo maana nimeumia.

Nikamtoa nje hadi ukuta wa uchochoroni, nikachukua msumari. Kwenye kiungo cha zamani, yaani ule mchanganyiko ulio kati ya tofali na tofali, msumari uliingia ukatoa unga mweupe wenye chembe za mchanga. Kwenye kiungo alichokiziba fundi mwingine kwa saruji, uliteleza. Sasa tazama matofali yenyewe. Penye chokaa, tofali bado lina ngozi yake na kona zake. Penye saruji, tofali limelika karibu nusu inchi, saruji imebaki imetokeza kama fremu isiyo na picha.

Tofali la zama zile lina ngozi ngumu na moyo laini, na linanyonya maji. Maji yakiingia lazima yatoke. Chokaa inayapitisha, chumvi inaganda kwenye kiungo, kiungo kinachakaa, na baada ya miongo unakwangua na kujaza upya. Kiungo ndicho cha kufa, tofali libaki. Ukiziba kwa saruji, maji yanatokea kwenye tofali, chumvi inaganda nyuma ya ngozi na kuibandua. Baridi ya Januari inamalizia.

Hilo neno “nguvu” ndilo linalotuponza. Huku michanganyiko ya kujengea imepangwa kwa herufi M, S, N, O na K, kuanzia ngumu zaidi hadi laini zaidi. M inahimili angalau pauni 2,500 kwa inchi ya mraba, K ni 75 tu, na kila mteja anataka M. Haya, tupige hesabu. Ukuta wa matofali wa futi 30, bila sakafu wala paa, unakandamiza chini kwa pauni 25 hivi kwa inchi ya mraba. Hizo 2,500 unazitaka za nini? Ukuta unatanuka kwa joto la Julai na kusinyaa usiku. Chokaa inakubali kusogea. Saruji inagoma, na kinachopasuka ni tofali.

Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland, mama wa saruji ya kawaida ya leo, mwaka 1824 Uingereza, na Marekani David Saylor akapata yake mwaka 1871. Mafundi wengi wa miji midogo waliendelea na chokaa miaka mingi baadaye. Mimi nimekulia Unguja, na kuta za mawe za Mji Mkongwe zimeteswa na plasta ya saruji vilevile.

Kinachoninyima usingizi ni saruji iliyokwisha kutiwa. Ukiikata kwa grainda, unakula kona za matofali. Mara nyingine naiacha, na sina hakika kama nimetenda haki. Juu kabisa ya ukuta, panapopigwa na mvua, huwa naongeza saruji nyeupe kidogo kwenye chokaa. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na hoja zao zina uzito.

Tumekubaliana nianze uchochoroni, kwa patasi na nyundo, kiungo kimoja kimoja. Chokaa nimeshailoweka, na magunia ya kufunikia ukuta usikauke haraka yako tayari.