Mwiba wa Nungu Bahari: Iache Hiyo Sindano, Njoo Kituoni

Bamvua likifika na maji yakakupwa mpaka mwambani, najua kesho yake benchi la kituo chetu cha afya litajaa watu wanaochechemea: wachokoa pweza, akina mama wa mwani, watoto waliofuata kombe. Maswali yao ni yale yale, na makosa yao pia.

Nungu bahari ni kitu gani?

Ni mnyama wa mviringo mwenye gamba la chokaa na miiba mwili mzima. Kila kijiji kina jina lake. Hapa namwita nungu bahari ili tuelewane. Mdomo uko chini, una meno 5, na kwa meno hayo hukwangua majani yaliyoota juu ya mawe. Mchana hujificha kwenye mianya ya mwamba, usiku hutoka kula. Anayenipa kazi zaidi ni yule mweusi mwenye miiba mirefu. Miiba yake ina uwazi ndani kama mrija na huvunjika upesi, ndiyo maana ukimkanyaga, ncha hubaki mguuni.

Ni kweli hurusha miiba?

Hapana. Kivuli kikimpitia huielekeza miiba upande ule ule, basi mtu huapa kwamba amerushiwa. Umemkanyaga wewe.

Nimechomwa sasa hivi. Nifanye nini?

Toka majini. Mwiba uliochomoza na unaoshikika, uvute polepole kwa kibano, ukiunyoosha vile vile ulivyoingia. Kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, kiasi cha nyuzi 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Joto hutuliza maumivu. Maji ayapime mtu mwingine kwa mkono wake mzima, hasa kama una kisukari na miguu imekufa ganzi. Nimewahi kutibu mguu ulioungua vibaya kuliko ulivyochomwa. Mwisho osha kwa sabuni na maji safi. Siki husaidia kulainisha vijiba vilivyo juu juu ya ngozi.

Vilivyobaki ndani nivichokonoe kwa sindano?

Hapana.

Hata nikiichoma sindano moto kwanza?

Hapana. Mwiba huu si wa mchongoma, haufuati sindano. Unavunjika vipande viwili, vipande viwili vinakuwa vinne, na kila ukichimba unavisukuma chini pamoja na uchafu. Vipande vidogo vya juu juu mara nyingi huyeyuka au hutoka vyenyewe baada ya siku kadhaa. Shimo ulilochimba wewe ndilo linaloniletea usaha.

Basi nipige kwa jiwe au chupa ili usagike?

Hapana, tena hapana. Najua babu alifanya hivyo. Unaponda na nyama yako.

Mkojo, mafuta ya taa, utomvu wa papai?

Mkojo hauna faida yoyote. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Utomvu wa papai watu wanausifu sana, lakini nao huwasha, na haujawahi kutoa mwiba uliozama kwenye kifundo. Na tafadhali, ule mtindo wa kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda tuuache. Dawa ile humezwa, tena kwa dozi kamili, baada ya mtu kupimwa.

Pana weusi chini ya ngozi. Ndiyo miiba?

Si lazima. Miiba hii huacha rangi inayofanana kabisa na mwiba. Rangi hufifia kwa siku mbili tatu. Doa likibaki, na ukilibonyeza linauma, kuna kitu ndani. Wengi huchimba siku ya kwanza wakitafuta rangi!

Nije kituoni lini?

Siku hiyo hiyo, ikiwa mwiba uko karibu na kiungo: kidole, kifundo cha mguu, goti. Narudia, siku hiyo hiyo. Mvuvi mmoja alikuja baada ya wiki tano, kidole cha kati kimevimba kama ndizi mzuzu na hakikunji. Alikuwa akisubiri "utoke wenyewe". Mwiba ukikaa kwenye kiungo au mshipa wa kukunjia, huleta uvimbe usioisha, na mwisho wake ni picha ya eksirei na kisu cha daktari hospitali kubwa. Mkono wa mchokoa pweza ndio shamba lake.

Njoo pia kwa ajili ya pepopunda, ikiwa chanjo yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 5 au huikumbuki. Mwenye kisukari asisubiri hata kidogo. Na ukiona pumzi inakata, uso unavimba au mtu anazimia, hapo hakuna maji ya moto tena, ni gari moja kwa moja.

Kwa nini tusiwaponde wote waishe?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na naielewa. Lakini nungu ndiye anayekwangua majani yanayoweza kufunika matumbawe. Kule Karibiani, mwaka 1983 na 1984, ndugu yake mweusi alikufa karibu wote kwa maradhi, na mwani ukatawala miamba. Wanapozidi kwetu, tujiulize samaki kikande na changu, ambao huwala, wamekwenda wapi. Kwenye hifadhi za Kenya kama Kisite, ambako havuliwi kikande, nungu ni wachache. Sisi tunavua mpaka vitoto, kisha tunalalamikia miiba.

Kwa sasa vaa viatu vya soli nene. Ndala mwiba unapita. Usiku shika kurunzi, na usitie mkono kwenye shimo usiloliona ndani.

Wangu uliingia mwezi uliopita, umebaki uvimbe mgumu lakini hauumi sana. Nije kweli?

Njoo kesho asubuhi. Mwili umejenga ganda gumu kuzunguka kilichobaki, na sindano uliyoificha kwenye upindo wa kanga iache nyumbani.