Sheria ya kumruhusu muuguzi abaki chumbani

Ukitaka kujua mtu anayejidunga peke yake hufia wapi, muulize anayeosha vyoo. Vyoo vya mikahawa, vya vituo vya mafuta, vya maktaba: mlango umekomewa kwa ndani, ukigonga hakuna anayejibu, viatu vinaonekana kwa chini. Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi kazini, kwanza Pwani ya Kenya na sasa kaskazini-mashariki mwa Marekani, nimeimaliza na watu wanaotumia heroini na dawa za jamii yake. Siku hizi ndugu wa nyumbani wananipigia na swali moja: "Ni kweli huko wanawafungulia mateja nyumba ya kudungia, tena kwa sheria?" Wengine wanauliza kwa mshangao, wengine kwa hasira. Wote wanastahili jibu refu kuliko ninaloweza kulitoa kwenye simu.

Kweli, sheria hizo zipo. Lakini kabla ya sheria, tuanze na mwili, maana asiyejua kinachoua atadhani chumba hicho ni cha starehe.

Heroini, mofini, fentanili, zote ni opioidi, na zote hulaza sehemu ya ubongo inayoamuru mapafu yavute hewa. Dozi ikizidi, amri hiyo inafifia. Mtu hafi kwa kishindo, anakoroma. Mama wengi wameniambia, "Nilimsikia anakoroma, nikasema mwache mwanangu apumzike." Kukoroma kule ni njia ya hewa inayoziba. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kwa mgonjwa mweusi usingoje kuona rangi ya buluu usoni; fungua mdomo uangalie ufizi, kisha angalia kucha, maana ngozi yake itageuka kijivu kama majivu. Pumzi zinashuka zinafika sita kwa dakika, nne, mbili. Kuanzia hapo ubongo una dakika chache tu.

Na tiba ya kwanza ni hewa. Mwamshe, mwinue kidevu, mpe oksijeni. Naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani au kuchoma kwenye msuli, inaiondoa opioidi mahali ilipojishika, na imeokoa watu wasiohesabika. Lakini ukiimwaga yote kwa pupa, mgonjwa anaamka ghafla katika arosto kali: anatapika, anatetemeka, anataka kukimbia akatafute unga tena. Nguvu ya naloksoni nayo hupungua baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, huku heroini ikiwa bado mwilini. Kwa hiyo mtu aliyezinduliwa na kuachwa aende zake anaweza kuanguka tena kona ya pili.

Ndiyo maana chumba. Nimeingia katika vyumba hivyo na hakuna maajabu. Kuna vibanda kando ya ukuta, kila kimoja na kiti, meza ya chuma kisichoshika kutu, taa, na kioo. Kioo kimewekwa ili mhudumu aliye nyuma aione sura ya mtu bila kumsimamia kichwani. Mtu anakuja na unga wake. Hauzwi hapo wala haugawiwi. Anapewa bomba jipya la sindano, maji safi, pamba, mpira wa kufunga mkono. Anajidunga mwenyewe. Akimaliza, anaketi, na kifaa kidogo cha kupimia oksijeni kiko tayari kuwekwa kidoleni mwake. Kazi yote iko katika huko kuketi. Mhudumu anamwita kwa jina, anaangalia kifua, anaona kichwa kinainama, anasogea na oksijeni kabla hali haijafika kwenye naloksoni.

New York ndiko vituo vya kwanza vya wazi Marekani vilikofunguliwa, tarehe 30 Novemba 2021, viwili, East Harlem na Washington Heights, chini ya shirika la OnPoint NYC. Takwimu za miezi miwili ya mwanzo zilichapishwa, na huwa nazirudia kwa kila anayeniuliza. Watu 613 walitumia vituo hivyo mara 5,975. Wahudumu waliingilia kati mara 125. Katika matukio 80 yaliyohusu opioidi, naloksoni ilitumika mara 19 na oksijeni mara 35. Mengine 26 yalihitaji kuangaliwa kwa karibu tu. Gari la wagonjwa lilifika mara 5. Waliopelekwa hospitali walikuwa 3. Hakufa mtu.

Ile tofauti kati ya 19 na 80 ndiyo taaluma yenyewe. Choo cha mkahawani hakina matukio madogo, kwa sababu anayefika amechelewa.

Sasa sheria, na hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa mengi yanashikilia neno moja.

Mwaka 1986, kokeini ya kuvuta iitwayo kreki ilipokuwa imeijaza Marekani hofu, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu dhidi ya nyumba za kuvutia kreki. Mwaka 2003 kikapanuliwa; mmoja wa walioshikilia kalamu alikuwa Seneta Joe Biden. Kwa maneno yangu, kinasema ni kosa mtu anayesimamia mahali kupaacha, huku akijua, patumike kwa madhumuni ya kutengeneza, kuweka, kugawa au kutumia dawa haramu. Adhabu inafika miaka 20 jela. Kililenga wenye magofu ya biashara ya kreki. Ukikisoma ukiwa muuguzi, unaona kwamba kinakutosha wewe pia, na mwenye jengo, na bodi ya shirika lako.

Huko Philadelphia, watu walioanzisha mwaka 2018 shirika la Safehouse, lililotaka kufungua chumba kama hicho, waliamua kulikabili neno "madhumuni". Februari 2019 serikali ya shirikisho ikaenda mahakamani kuwazuia. Madhumuni ya nani? Safehouse wakajibu: yetu, na sisi tunakusudia watu wasife. Oktoba 2019 Jaji Gerald McHugh akakubaliana nao. Januari 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikautengua uamuzi huo. Jaji Stephanos Bibas alieleza kuwa inatosha anayeingia awe na madhumuni ya kutumia dawa, na mwenye mahali awe anajua. Nia njema ya mwenye mahali haibadilishi kitu. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa. Nilipomaliza kuusoma uamuzi ule nilikaa kimya muda mrefu. Kwa mantiki hiyo, muuguzi anayejua ndiye mwenye kosa, na asiyejua, yule aliyefunga mlango wa choo akaondoka, yuko salama.

Majimbo yamejaribu kujitungia kinga yao. Rhode Island ilikuwa ya kwanza: Julai 2021 Gavana Dan McKee alitia saini sheria ya majaribio ya miaka miwili, yenye sharti kwamba baraza la mji husika litoe ridhaa. Ukiisoma juujuu unaona mlango umefunguka. Lakini baraza la mji wa Providence lilitoa ridhaa Februari 2024, na kituo kinachoendeshwa na Project Weber/RENEW kilianza kupokea watu Januari 2025. Kutoka saini hadi kiti cha kwanza: miaka mitatu na nusu. Bunge la jimbo lililazimika kuongeza muda wa majaribio, maana ule wa awali ungekwisha kabla ya kuanza. Jambo jema ni kwamba fedha zilitoka kwenye fidia ambazo kampuni za dawa za opioidi zililipa, hivyo hakuna aliyeweza kusema kodi ya mama mboga imeenda kununua sindano.

Ireland imepita njia hiyo hiyo. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2017. Kituo cha Merchants Quay, Dublin, kilifunguliwa Desemba 2024, baada ya miaka ya mvutano juu ya kibali cha ujenzi. Kwa hiyo ninaposikia mswada umepita mahali fulani sishangilii bado. Nauliza ni nani mwingine anayeweza kusema hapana.

New York walifanya kinyume: walifungua kwa baraka za serikali ya jiji bila sheria ya jimbo, na tangu hapo wafanyakazi wake wameishi chini ya upanga. Mwaka 2023 mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho huko Manhattan alitamka hadharani kuwa shughuli hiyo ni haramu. Wenzangu wa pale huja kazini kila siku wakilijua hilo. California, bunge lilipitisha mswada na Gavana Gavin Newsom akaukataa Agosti 2022. Minnesota iliruhusu mwaka 2023. Vermont, gavana alitumia kura ya turufu na bunge likaipindua Juni 2024, kwa ajili ya kituo cha Burlington. Na juu ya sheria zote hizo bado kipo kile kifungu cha 1986, kwa sababu jimbo haliwezi kumkinga mtu na sheria ya shirikisho. Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayozuia fedha za shirikisho kwenda kwa shughuli za aina hii. Kituo kinaweza kuwa halali kwa jirani na haramu kwa Washington, siku ile ile, chumba kile kile.

Linganisha na Kanada. Sheria yao ya dawa ina kifungu cha 56, kinachompa waziri wa afya mamlaka ya kusamehe mahali fulani kwa sababu za kitabibu. Kwa mlango huo kituo cha Insite kilifunguliwa Vancouver mwaka 2003. Serikali ilipobadilika na waziri akakataa kuendeleza msamaha, kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2011 majaji wote tisa waliamuru msamaha utolewe, kwa kuwa kuunyima kungehatarisha maisha ya watu pasipo sababu ya msingi. Mwaka huo huo utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa vifo vya kuzidisha dozi ndani ya mita 500 za Insite vilipungua kwa asilimia 35, wakati sehemu nyingine za jiji vilipungua kwa asilimia 9.3. Kifungu kifupi ndani ya sheria kuu kilifanya kazi ambayo majimbo ya Marekani yanahangaika nayo hadi leo.

Najua majirani wanasema nini, na sitawabeza. Julai 2023 huko Toronto, mama mmoja aliyekuwa akipita njia karibu na kituo kimoja alipigwa risasi ya wauza unga waliokuwa wakigombana, akafa. Mkoa wa Ontario ukapitisha sheria mwaka 2024 ya kufunga vituo vilivyo ndani ya mita 200 za shule na vituo vya kulea watoto, na vingi vikafungwa kufikia mwisho wa Machi 2025. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2023 haukuona ongezeko la maana la uhalifu kuzunguka vituo vyake viwili, nami naamini hivyo ndivyo ilivyo mahali penye usimamizi mzuri. Lakini kuna mama aliyekufa, na huwezi kuwajibu watu wake kwa jedwali. Mswada usiosema lolote juu ya barabara iliyo nje ya mlango, nani anaipiga doria, nani anaokota sindano, malalamiko yapelekwe kwa nani, utamponza muuguzi aliye ndani. Wanaotetea vituo hivi, na mimi ni mmoja wao, tuliwahi kulipita jambo hilo haraka mno.

Ninaposoma mswada mpya, kwanza natafuta majina ya wanaokingwa: mtumiaji, mhudumu, na mwenye jengo. Mmoja akiachwa nje, nyumba haisimami. Mwenye jengo hasa husahauliwa, na yeye ndiye mwenye funguo. Kisha natazama leseni. Kinga ya jinai haimsaidii muuguzi ambaye baraza la taaluma linaweza kumfutia leseni. Natazama pia kama wanaovuta wanaruhusiwa, si wanaojidunga tu, maana wengi siku hizi wanavuta fentanili kwenye karatasi ya foili.

Nyumbani hatuna vituo hivi. Tuna methadoni: Tanzania tangu 2011 pale Muhimbili, Kenya tangu mwishoni mwa 2014. Ni hatua kubwa, na nimeona watu wakirudi kazini na kwa watoto wao. Lakini kuna mchana mmoja, nikiwa bado Pwani, ambao siusahau. Kijana alianguka maskani, nyuma ya ukuta wa jengo bovu. Wenzake walikuwa wanne. Watatu walikimbia. Wa nne alimmwagia maji, akampiga makofi, akaona haitiki, akaja mbio kwetu, mwendo wa dakika kumi na tano. Tulipofika na begi la dawa, kijana hakuwa na pumzi, na kucha zake zilikuwa za kijivu. Baadaye nilimuuliza yule wa nne kwa nini wenzake hawakupiga simu wala kusimamisha bodaboda. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Sista, tungeshikwa sote."

Alikuwa anaijua sheria. Kifungu cha 5 cha sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 kinamtia hatiani anayetumia, anayekutwa bila sababu halali mahali pa kutumia, mwenye mahali anayeruhusu, na hata anayekutwa na chombo cha kutumia. Siombi leo tujenge chumba chenye vioo Kisauni au Kinondoni. Ningeomba mistari miwili ndani ya kifungu hicho: anayebaki na mtu aliyezidisha dozi na kuita msaada hatashtakiwa kwa kutumia, wala kwa kukutwa hapo, wala kwa sindano iliyo mfukoni mwake. Karibu majimbo yote ya Marekani, hata yale yasiyotaka kusikia habari za vituo, yana sheria inayomkinga aitaye msaada. Wale watatu wangekuwa na sababu ya kubaki, na mmoja wao angeweza kumwinua kidevu mwenzake wakati wa nne yuko njiani.