Ameanguka na bodaboda, ndugu wanaogopa mionzi: maswali na majibu

Mwanafizikia tiba ni nani?
Ni mtaalamu wa fizikia anayehakikisha eksirei na siti-skani (mashine inayotumia eksirei kupiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande) zinatoa mionzi ya kutosha kupata picha safi, bila ziada. Ana shahada ya fizikia, uzamili wa fizikia tiba, kisha mafunzo ya hospitalini chini ya msimamizi. Hakupigi picha wala hasomi majibu. Yeye huweka chombo cha maji ndani ya siti-skani; maji yasiposomeka karibu na 0 kwenye vipimo vya mashine hiyo, mashine inarekebishwa kwanza. Hupima mionzi inayovuja mlangoni na ukutani, na hukagua aproni za risasi (metali nzito inayozuia mionzi), kwani zikikunjwa badala ya kutundikwa hupasuka kwa ndani.

Mionzi hubaki mwilini?
Hapana. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Hata maziwa ya mama anayenyonyesha hayabaki na mionzi.

Kijana ameanguka na bodaboda njia ya Kibaigwa. Alizimia kidogo, sasa anaongea vizuri. Tusubiri kesho?
Msisubiri! Mshipa ukipasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo, damu hujikusanya taratibu. Mgonjwa anaongea, anaomba chai, kisha baada ya saa chache analegea, kwa sababu fuvu halitanuki na ubongo unabanwa. Kuongea vizuri si kupona. Mpelekeni sasa hivi, daktari aamue kama anahitaji siti-skani. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kusiko kwa kawaida, akipata degedege, mboni zikitofautiana ukubwa, au majimaji yakitoka puani au sikioni, hapo hata kikao cha ukoo hakina nafasi.

Si mionzi ya siti-skani itampa saratani?
Siti-skani ya kichwa ni takribani milisiveti 2 (milisiveti ni kipimo cha mionzi anayopata mtu). Kwa wastani wa dunia, mtu hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, angani na kwenye chakula. Hatari ipo, lakini ni ndogo sana. Damu inayobana ubongo inaweza kuua usiku huohuo. Tafadhali, msimkatalie mgonjwa kipimo alichoandikiwa kwa kuogopa mionzi.

Tupige eksirei ya kichwa basi, ni nafuu?
Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi damu iliyovujia ndani. Fuvu likiwa zima, damu bado inaweza kuwepo. Mtakuwa mmelipa na kupoteza muda, halafu mrudi kwenye siti-skani ileile mliyoikimbia.

Na mjamzito aliyeumia kichwa?
Apimwe, asisubiri. Mionzi inaelekezwa kichwani, inayofika tumboni ni kidogo mno. Ila aseme ana mimba, au siku zake zimechelewa. Kuficha ndiko kunakotutia mashaka.

Kipi cha kuja nacho hospitalini?
Akipewa rufaa kutoka Mpwapwa au Kondoa, njooni na CD au picha zilizopigwa kule. Zikisahaulika nyumbani, huenda akapigwa tena, na hiyo ndiyo mionzi isiyo na sababu.