Cheti cha jina hakilindi mashine

Mafundi wengi Mbeya huamini kwamba ukishapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), hakuna wa kuiga mashine yako ya kupukuchua mahindi. Si kweli. Cheti kile husajili jina tu. Uvumbuzi hulindwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuutengeneza au kuuuza bila ruhusa yako, ambayo ina ombi lake, ingawa ofisi ni ileile (ndiyo maana watu huchanganya).

Ukiwa na hataza, si lazima ujenge kiwanda. Karakana ya Makambako inaweza kutengeneza mashine kwa leseni, yaani kwa ruhusa yako, na kukulipa mrabaha kwa kila moja inayouzwa, hataza ikibaki yako. Ila mkataba utaje eneo, muda, na nani atawafundisha mafundi wao kuchomelea meno ya ngoma inayozunguka ndani ya mashine. Michoro peke yake haitoshi.