Kutyuni chini sana sio lazima nyuzi saba
Vijana wa bendi hapa Dodoma bado wanaambiana eti ukitaka kutyuni chini sana lazima ununue gitaa la nyuzi saba, na wengine wanajinyima kweli wakidunduliza hela. Jamani sio hivyo. Ukishusha uzi mnene kutoka noti ya E mpaka B mkazo wake unapungua karibu asilimia 44, ndo maana unalegea na kugongagonga freti (vile vyuma vya shingoni), sasa hapo unaweka mnene zaidi, toka inchi 0.046 mpaka kama 0.060 hivi, fundi anapanua kidogo mfereji wa nati (kile kipande cha mwisho wa shingo kinachoshika nyuzi) na kuseti neki, yaani shingo, upya. Gitaa lenye nyuzi ndefu za inchi 27, kipimo cha toka nati mpaka daraja, linasaidia, sikatai, ila Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, mwaka 1971 alikuwa ameshashuka mpaka C# na gitaa la Gibson SG lenye kipimo kifupi zaidi, nyuzi sita tu.